Gurudumu Lililobaki Pembeni ya Picha

Kwenye tafrija ya kuniaga, mmoja wenu alisimama na chupa ya soda mkononi akasema kwamba Mzee Ogola, katika miaka yake yote ya uandishi hapa Kisumu, hajawahi kupitwa na habari. Mlipiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa sababu nimelelewa kwa adabu. Lakini njiani kurudi nyumbani sikuwa na raha, kwani ipo habari iliyonipita mbele ya macho, mchana kweupe, ikiwa juu ya baiskeli. Ninyi mnaobaki kwenye ofisi ile mnastahili kuijua, pamoja na mambo mengine machache ambayo hakuna atakayewaambia siku mtakapopewa ufunguo wa mlango.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, suruali moja ya heshima, na uwezo wa kupiga taipu bila kuangalia vidole, ambao nilifundishwa na mjomba wangu aliyekuwa karani wa mahakama. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Ilikuwa na meza mbili, taipureta nzito kama jiwe la kusagia, na simu iliyofanya kazi ilipojisikia. Siku ya kwanza nilitumwa ufukweni nikaulize kwa nini soko la samaki lilikuwa tupu. Nilirudi na kurasa nne juu ya uzuri wa jua linapozama ziwani.

Aliyezisoma kurasa hizo alikuwa Mzee Kanji, mpiga picha wetu. Familia yake ilikuwa na studio ya picha mjini, naye alizaliwa hapa hapa. Kijaluo chake kilikuwa safi kiasi kwamba kina mama wa sokoni walimuuliza mama yake ametoka ukoo gani. Alisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kwa nini hakuna samaki?" akaniuliza.

"Sikuuliza, Mzee."

"Basi rudi ukaulize. Jua litazama tena kesho, halina haraka."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Hakuwa bosi wangu, na nadhani ndiyo sababu nilimsikiliza. Alinifundisha kwamba ukimhoji mvuvi unamsaidia kukunja wavu, hata kama unaukunja vibaya, kwa sababu mtu anayekusahihisha mikono atakuambia pia mengine. Alinifundisha kutuma filamu Nairobi kwa dereva wa basi, bahasha ikiwa imefungwa pamoja na ngege wa kukaanga. Bahasha peke yake inaweza kusahaulika chini ya kiti. Samaki hasahauliki.

Alikuwa pia na desturi yake ambayo sijaiona kwa mpiga picha mwingine. Katika kila filamu aliacha picha mbili za mwisho bila kuzitumia kwa kazi ya gazeti. Aliziita za Mungu. Hata mkuu wa mkoa angesimama mbele yake na suti mpya, Kanji alifunga kamera na kusema filamu imekwisha. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Zile zingine nimepiga kwa sababu nimetumwa. Hizi mbili ni za kile ambacho hakuna aliyenituma."

Mimi nami nilikuwa na desturi yangu, ila hiyo sikujifunza kwake. Siku hizo habari tuliisoma kwa simu, neno baada ya neno, na msichana wa Nairobi akaiandika upande wa pili. Kabla ya hapo ulikaa posta ukisubiri opareta akupatie laini, na ukurasa wa michezo ulifungwa mapema bila kujali kama mchezo wenyewe umekwisha. Kwa hiyo sisi wa mikoani tulipika habari siku moja kabla. Tuliiita kiporo. Jumamosi ulisoma habari nzima ya Jumapili, umati ulivyofurika, jua lilivyowaka, shujaa alivyosema, ukaacha nafasi chache za kujaza. Jumapili ulipiga simu fupi ukajaza majina. Msinicheke. Jua la Kisumu huwaka kila Jumapili, na shujaa husema maneno yale yale. Kiporo kiliniokoa mara nyingi, na mtu akishaokolewa mara nyingi na jambo moja, huacha kuliogopa.

Sasa niwaambie habari ya Yamo.

Jina lake la kanisani wachache walilikumbuka. Yamo ni upepo, na ndivyo alivyokuwa. Nilipoanza kazi alikuwa mwendesha baiskeli mashuhuri kuliko wote upande huu wa nchi. Aliwahi kwenda kushindana ng'ambo, akarudi na koti lenye bendera. Halafu akaanguka vibaya kwenye mteremko wa Riat, akavunjika mfupa wa bega, akaacha. Alirudi kwao karibu na Luanda Kotieno, kule feri inakovukia kwenda Mbita, akafungua duka la nyavu. Miaka ikapita. Watoto waliokuwa wakimkimbilia barabarani wakawa na watoto wao.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, ikatangazwa kwamba kutakuwa na mbio za baiskeli za kuzunguka: kutoka Kisumu hadi Kisian, kupanda Maseno, kupita Luanda, ile ya barabarani si ya feri, na Majengo, kushuka Riat, kupitia Mamboleo na kumalizia mjini. Wiki hiyo hiyo Yamo akajiandikisha.

Ninyi mmezaliwa katika habari nyingi, hamwezi kujua kishindo cha jambo lile. Redio ilileta gari. Televisheni ilileta gari kubwa zaidi. Magazeti yote yalituma watu, na walipokosa la kuandika waliandikana. Gazeti moja lilisema Yamo ameonekana akifanya mazoezi hadi Kisian. Kesho yake mimi nikaandika kwamba amepita Kisian. Tuliandika anakula nini. Tuliandika viatu vyake, mke wake, jogoo wake. Alipokohoa kanisani, nilipeleka aya tatu. Mhariri wa michezo alinipigia mwenyewe kunishukuru, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu niajiriwe, akaniambia, "Ogola, leta Yamo. Leta Yamo mpaka nikwambie basi." Hakuniambia basi.

Nilimfuata Yamo kwa mahojiano pale Mamboleo, kwenye kibanda cha fundi wake wa baiskeli, kijana wa miaka kama thelathini aitwaye Wanjala. Alikuwa ametoka upande wa Bungoma kutafuta riziki, akaoa hapa, akapata mtoto. Yeye ndiye aliyenyoosha magurudumu ya Yamo kwa miaka yote, hata Yamo alipokuwa ameacha mashindano. Siku hiyo alikuwa amechuchumaa, akizungusha gurudumu na kulisikiliza, sikio karibu na spoki.

"Omera Ogola," Yamo akaniambia, yaani ndugu yangu, "kaa hapa kwenye debe. Leo sitaki uniulize nimekula nini."

"Umekula nini?"

Alicheka. Halafu akaacha kucheka. "Sikia. Mimi sirudi kushinda. Niko na tumbo sasa, unaliona. Narudi kwa sababu ya huyu."

Wanjala hakuinua kichwa.

"Huyu anakimbia kuliko mimi nilivyokuwa. Mimi najua, nimekuwa nyuma yake kwa mazoezi, na jasho lake ndilo linanipiga usoni. Kuna kampuni Nairobi iko na timu ya baiskeli. Ukiingia timu, unapata kazi ya kudumu, nyumba, kila kitu. Ameenda kuomba. Unajua meneja alimwambia nini?"

"Alimwambia nini?"

"Wanjala, mwambie."

"Alisema nilete gazeti," Wanjala akasema. "Gazeti yenye jina yangu na picha. Akasema yeye haendi kuangalia mashindano, yeye anasoma."

"Sasa mimi nikafikiri," Yamo akaendelea, "huyu akishinda peke yake, nani atakuja? Hakuna. Lakini Yamo akirudi, magazeti itakuja. Magazeti ikija, itamwona. Umenielewa, omera? Mimi ni kengele tu. Wewe andika mwenye baiskeli."

Nilimwahidi. Nilimpa mkono, nikampa na Wanjala mkono, ule wake ukiwa na grisi. Wanjala akasema, "Asante, Bwana Ogola. Sasa umeshika kazi yangu," akanipa kitambaa nijifute.

Nilipokuwa naondoka Yamo aliniita. "Na Jumapili uangalie sana pale kwa kupanda Maseno."

Niliandika habari ile kwa moyo. Aya mbili za Wanjala, jina lake juu kabisa. Zikakatwa. Kilichotoka kilikuwa hiki: Yamo Aapa Kushambulia Maseno. Niliandika tena, zikakatwa tena. Mara ya tatu sikumtaja Wanjala, kwa sababu nilikuwa nimechoka kusikia kimya cha msichana wa Nairobi na sauti ya mhariri ikisema nyuma yake, "Mwambie atuletee Yamo." Nilijiambia: akishinda, nitamwandika. Wakati huo sikuamini hata kidogo kwamba atashinda. Jumamosi nilikwenda posta nikasoma kiporo changu. Kilianza, "Yamo amerudi, na Kisumu imesimama."

Jumapili Kisumu ilisimama kweli, hiyo sehemu haikuhitaji kurekebishwa. Tulipanda nyuma ya pikapu, mimi na Kanji na wenzetu wa magazeti mengine, tukawa mbele ya kundi la waendeshaji, gari la redio likiwa ubavuni mwetu. Mtangazaji alikuwa na sauti ya kuuza sabuni. "Yamo anapangusa jasho! Yamo ameangalia kushoto! Sasa Yamo anaangalia kulia!" Tulipopita Kisian watu walikuwa juu ya mapaa.

Mkumbuke kwamba waendeshaji wa Nairobi na Nakuru nao walikuwa wamesoma gazeti. Walijua Yamo atashambulia Maseno, maana ndivyo nilivyowaandikia. Mlima ulipoanza, walimzunguka kama nzige. Yamo akasimama juu ya pedali, akatazama nyuma, akatazama mbele, akavuta pumzi ya mtu anayetaka kuruka mfereji. Wote wakasimama juu ya pedali. Halafu akaketi. Wote wakaketi. Wapiga picha walikuwa wakigongana viwiko.

Hapo ndipo mtu mmoja mwenye kaptura iliyofifia alipopita pembeni, upande wa majani, akaendelea na safari yake.

"Ogola," Kanji akasema, "fundi ameondoka."

"Nani?"

"Wanjala. Tazama. Anakwenda kama mtu aliyetumwa posho mill."

Nilitazama. Nakiri nilitazama. Nikamwona mgongo wake na kichwa kilichoinama kidogo upande mmoja, vile anavyosikiliza spoki.

"Atachoka, atarudi mwenyewe," nikasema. "Usimalize filamu, Mzee. Mpige Yamo."

Kanji alitazama kamera. "Zilizobaki si zako," akanijibu, na barabara ilipopinda, Yamo akisimama tena juu ya pedali, akawapiga wote wawili mara moja, akafunga.

Hakuna aliyemfuata Wanjala kwa sababu hakuna aliyemjua, na kwa sababu Yamo hakutikisika. Kutoka Luanda hadi Majengo, Yamo alikaa mbele ya kundi akiendesha mwendo wa mtu anayekwenda harusini. Kila aliyejaribu kupita, Yamo alisogea naye, na kila aliposogea Yamo, kundi zima lilisogea, na sisi pia, na gari la televisheni, na mtangazaji wa sabuni. Tulikuwa ukuta. Yule mtu alikuwa ametutumia sote kama ukuta, nami nilikuwa nimekaa juu ya ukuta huo nikila njugu.

Tulishuka Riat tukashikilia vyuma vya pikapu. Yamo aliteremka polepole, mkono kwenye breki, akipita mahali alipovunjikia bega. Pale Mamboleo kina mama wauza ndizi walikuwa barabarani wakipiga vigelegele.

"Mmechelewa!" mmoja akatupigia kelele. "Ameshapita!"

"Nani amepita, Mama?"

"Fundi wetu! Wanjala! Nyinyi mnafuata nini huko nyuma, mnachunga ng'ombe?"

Mtangazaji akacheka. Sisi pia tukacheka, na tulipoingia mjini tukacheka zaidi, kwa sababu utepe wa mwisho ulikuwa bado umevutwa barabarani, mzima, haujaguswa. Kama mtu angekuwa amepita, utepe ungekuwa chini. Ndivyo tulivyofikiri sisi watu wa ushahidi.

Yamo alikuja mbele ya kundi na umati ukapiga ukelele ambao nadhani ulisikika hadi ng'ambo ya ghuba. Alipofika kwenye utepe alifunga breki, akauinua kwa mkono, akainamisha kichwa, akapita chini yake. Utepe ukabaki mzima.

"Wanjala yuko wapi?" akauliza.

Wanjala alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, karibu na muuza miwa, baiskeli yake imelala. Alikuwa amefika kitambo. Askari mmoja, aliyekuwa na redio ndogo mfukoni na kusikia kwamba Yamo ndiye anakuja, alipomwona mtu mmoja mwenye kaptura kuukuu alidhani ni mpita njia. Alimsukuma kando. "Toka barabarani wewe, Yamo anakuja!" Wanjala aliuvuka mstari kando ya utepe, akiwa anasukumwa.

Vijana walimbeba Yamo juu ya mabega. Alikuwa akipiga mateke ashushwe, na vijana wakadhani ni furaha. Wakaenda naye mpaka ufukweni. Msimamizi wa mashindano alisikiliza mashahidi: mtu wake aliyesimama Majengo akihesabu wanaopita, na wauza ndizi wa Mamboleo waliokuja na hasira zao. Akamtangaza Wanjala mshindi. Pale kwenye utepe palikuwa pamebaki watu wachache, muuza miwa na mbwa wawili. Zawadi ilikuwa baiskeli nyeusi ya kubebea mizigo.

Nilikimbia posta. Laini ilipatikana, na kwa bahati mbaya ilikuwa safi, kwa hiyo siwezi kusingizia simu.

"Nani wa kwanza?" mhariri akauliza.

"Wanjala. Fundi wa baiskeli, wa Mamboleo."

"Fundi gani? Ukurasa uko tayari, Ogola. Kichwa cha habari ni Yamo. Umati ulimbeba Yamo au haukumbeba?"

"Ulimbeba."

"Kwenye kundi, nani alitangulia?"

"Yamo."

"Basi habari yako ni ya kweli. Yamo aliongoza kundi, umati ukambeba. Huyo fundi tutamwandika kesho, au nibomoe ukurasa mzima? Wewe uliyeko huko niambie."

Aliniuliza. Watu hudhani wahariri hutulazimisha. Yule aliniuliza, na nilijua meneja mmoja wa Nairobi atakunywa chai yake kesho akiwa na gazeti mkononi. Nilikuwa na grisi ya yule kijana bado kwenye mkono wa shati. Lakini kubomoa ukurasa kulimaanisha kukisoma upya kiporo changu chote, na kukiri kwamba nilikuwa mbele ya kundi siku nzima nikitazama nyuma.

"Acha tu," nikasema. "Tutamwandika kesho."

Kesho yake kulikuwa na ajali ya lori, keshokutwa mgomo wa walimu. Katikati ya wiki jina la Wanjala lilitoka, mstari mmoja na nusu, chini ya matokeo ya vishale, bila picha.

Yamo alikuwa ameshampeleka Nairobi kwa basi Jumatatu ile ile, akidhani gazeti litawatangulia. Lilikuwa limewatangulia. Meneja alilifungua mezani, akamtazama Yamo, akasimama kumpa mkono. Akampa Yamo kazi: awe msimamizi wa timu, wapige naye picha za matangazo.

"Mpe huyu," Yamo akamwambia. "Huyu ndiye alishinda."

"Hapa sijaona hivyo," meneja akasema.

Yamo alikataa kazi ile. Walirudi na basi la jioni, wote wawili. Haya alinieleza mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni pa ofisi yetu bila kuingia. "Omera," akamalizia, "nilikuwa kengele. Watu wamekuja, wameiangalia kengele, wakaenda nyumbani." Alirudi kwenye duka lake la nyavu na hakukimbia tena.

Wanjala nilimkwepa. Hilo nalo niliseme. Nilikuwa na baiskeli ya kwendea kazini, na gurudumu la nyuma lilikuwa limepinda, likisugua breki kila mzunguko. Hakukuwa na fundi wa kumfikia Wanjala, kwa hiyo sikulipeleka kwa mtu. Niliendesha hivyo kwa miezi, nikipita Mamboleo huku nimegeuza uso kama mtu anayetazama mawingu. Baiskeli ikilia kwi, kwi, kwi, hata vipofu wakijua Ogola anapita.

Siku moja sauti ikatoka kibandani. "Mzee wa gazeti! Hiyo gurudumu inacheza disko! Lete hapa kabla haijaua mtu!"

Nilishuka. Sikujua mikono niiweke wapi. Wanjala aliigeuza baiskeli miguu juu, akazungusha gurudumu, akatega sikio.

"Wanjala," nikaanza, "siku ile..."

"Siku ile nilikukosea nini, Bwana Ogola?" akauliza, hakuinua sauti. "Nataka tu kujua. Kama nilikukosea niambie."

"Hukunikosea."

"Yamo alisema labda mkono yangu ilikuwa na grisi."

Nilimweleza yote, pamoja na neno nililosema kwenye simu. Sikumtaja mhariri zaidi ya ilivyobidi. Alikaza spoki moja, akalegeza nyingine. Halafu akasema, "Sawa. Sasa nimejua. Nilikuwa nalala nikifikiria ni mimi." Akazungusha tena. Gurudumu likapita kwenye breki bila sauti. "Na wewe uko na ujinga. Miezi yote hiyo unasukuma breki. Ungekuja, ningekutukana, tungemaliza."

Mteja mmoja aliyekuwa akingoja akacheka, nami nikacheka, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kupumua.

Nilipoinua macho niliuona ule ukurasa. Alikuwa ameubandika kwa unga wa ugali kwenye bati la kibanda, juu ya mipira ya magurudumu. Picha ya Kanji ilikuwa kubwa: Yamo amesimama juu ya pedali, uso umekaza, wote wamemzunguka. Nairobi walikuwa wameichagua kutoka filamu nzima, bila kujua kwamba ni ya Mungu, wakaikata ili Yamo akae katikati. Lakini kwenye ukingo wa kulia ilikuwa imebaki nusu ya gurudumu la nyuma, likitoka nje ya picha.

"Hilo ni langu," Wanjala akasema.

Tangu siku ile sikupika kiporo tena. Mara kadhaa nilichelewa, na ukurasa ulifungwa bila mimi, na nikakaripiwa kama mtoto. Nilijifunza kwenda mwisho wa mashindano kabla ya kwenda kwa shujaa. Magugu yalipofunika ziwa na wakubwa wakaja kwa zamu kuyatazama, wenzangu waliandika suti ya nani imelowa. Mimi nilikwenda kukunja nyavu, nikaleta majina ya wenye mashua zilizokwama. Mengi yalikatwa. Niliyatuma tena. Mhariri mpya aliniita mzee wa majina, na sikuona ni tusi. Ikiwa mmewahi kunishukuru kwa lolote katika kazi yangu, mshukuruni fundi aliyeniita nishuke baiskeli.

Maana mtu mwingine angeniacha niende na kelele zangu. Yeye aliendelea kunitengenezea baiskeli. Bodaboda zilipoingia mjini, kibanda chake kilijaa kutoka asubuhi, na vijana waliofundishwa naye sasa wana vibanda vyao kila upande. Hakupata nyumba ya kampuni. Sitaki kuwaambia kwamba mambo yaliishia vizuri kwa hiyo haidhuru. Ilidhuru. Alikuwa na miguu ambayo nchi hii haikuiona.

Mwaka huu, Kanji aliuza studio ili akaishi na binti yake. Aliniita nikamsaidie kufunga masanduku. Akanipa bahasha. "Hii ilikuwa ya Mungu," akasema, "lakini Mungu hajaja kuichukua." Ndani ilikuwa picha ile ile ya Maseno, haijakatwa, ameisafisha upya kutoka filamu iliyorudishwa. Yamo kushoto, kundi zima limemkazia macho. Na kulia, peke yake barabarani, Wanjala mzima: mgongo, miguu, kichwa kimeinama upande mmoja.

Niliipeleka Mamboleo siku moja baada ya tafrija yenu. Wanjala alifuta mikono mara mbili kabla ya kuishika. Aliitazama mpaka chai aliyoniagizia ikapoa.

"Asante, Mzee Ogola. Hii naipeleka nyumbani. Mama watoto aione."

"Si uibandike hapa, utoe ule ukurasa mkuukuu? Umekuwa wa manjano."

Alitikisa kichwa. "Hii mtu akiona, anajua. Anaenda. Lakini ile, kila mtu anauliza."

Sikumwelewa vizuri hadi mteja alipoingia, kijana wa bodaboda, akisukuma baiskeli yenye pancha. Aliketi kwenye debe, akatazama ukutani kama watu wanavyotazama wakingoja.

"Fundi, huyu najua ni Yamo. Baba yangu alikuwa anasema juu yake. Lakini hii gurudumu hapa kando ni ya nani?"

Wanjala alikuwa ameshaanza kuvua tairi. Hakugeuka. Alininyooshea spana.

"Muulize huyo mzee. Yeye alikuwepo."

Kijana akanigeukia. Nikaweka kikombe chini, nikaanza na jina.